Kupunguza kelele za kompyuta ya SFF bila kuichemsha: i5-7500 na GTX 1650 fupi

sauti_chumbani:

Habari wakuu. Nina kompyuta ya ofisi iliyotumika, ile aina ya SFF (kasha dogo, jembamba) ambayo watu huilaza na kuweka skrini juu yake. Prosesa i5-7500, RAM GB 16, SSD ya M.2 yenye Windows 10, pia hadi diski (hard disk, ile inayozunguka) ya inchi 3.5 ya TB 1 kwa ajili ya mafaili, na kadi ya picha ya GTX 1650 fupi, ile isiyohitaji waya wa umeme wa ziada. Kazi yake ni kurekodi na kuhariri sauti, na gemu kidogo usiku.

Shida ni kelele. Ikiwa imetulia kuna mvumo wa chini usiokatika. Nikifungua tu brauza au nikianza kuhariri, feni inapanda, inashuka, inapanda tena, na maikrofoni inanasa yote. Chumba hakina AC, niko Dar, jioni ni nyuzi 30 na ushee. Programu ya kusoma joto, HWiNFO64, inaonyesha prosesa nyuzi 52 ikiwa haina kazi, na 94 nikiendesha Cinebench R23, ile programu ya kuipa prosesa mzigo mzito. Nimeshauriwa ninunue feni yoyote ya 12V iliyo kimya nibadilishe, au nibandike sponji la kuzuia sauti ndani ya kasha. Nianze na kipi? Sitaki kuiunguza.

---

nati_ndogo:

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Nyuzi 94 kwa prosesa ya 65W kwenye chumba cha nyuzi 30 maana yake joto halifiki kwenye hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa kuipoza), au likifika halitoki. Hiyo i5 hujipunguza kasi yenyewe ikigusa 100, kwa hiyo umebakiwa na nyuzi sita. BIOS, programu ya ndani ya ubao, inaona joto, inakimbiza feni, ndiyo kazi yake. Ukiikaba feni leo utapata kompyuta ya kimya inayojikokota. Shusha joto, kelele itafuata.

Sponji achana nalo. Lina maana kwenye kasha kubwa lenye nafasi ya kupita hewa. Kwenye SFF litakula nafasi ileile ambayo feni inavutia hewa, na sehemu kubwa ya sauti hutokea kwenye matundu ambayo huwezi kuyaziba hata hivyo.

Fanya hivi. Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Inua kizimba cha diski, toa kile kiongoza-hewa cha plastiki kinachofunika hitisinki. Kikiwa hakipo kabisa, hapo ndipo tatizo lilipo: mashine nyingi za mtumba hufunguliwa na wauzaji na hiyo plastiki hairejeshwi, kumbe bila hiyo feni inazungusha hewa ya moto ileile ndani ya kasha. Tafuta nyingine ya modeli hiyohiyo.

Halafu tenganisha feni na hitisinki. Watu hupuliza bloa juu ya feni, wanaona vumbi limetoka, wanafunga. Vumbi linaloumiza limekaa kama blanketi kati ya feni na mapezi, halionekani mpaka feni itoke. Ukipuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole; yakizungushwa na bloa kupita kasi yake beringi inaharibika.

Pasta ya kupoozea: kama ni ile ya kiwandani, prosesa hii ni ya 2017, kwa hiyo imeshakuwa chaki. Washa kompyuta dakika kama kumi kabla ya kufungua ili ilainike, izime na uchomoe waya, kisha fungua skrubu nne kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja kwa zamu. Usivute hitisinki moja kwa moja juu, ipindishe kidogo kushoto na kulia kwanza. Futa pande zote mbili kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati ya prosesa, Arctic MX-4 inatosha kabisa, na urudishe skrubu kwa mshazari vilevile. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, hitisinki inakaa upande na joto la koa (kiini cha prosesa) moja litakuwa juu kuliko wenzake. HWiNFO64 itakuonyesha: zikitofautiana zaidi ya nyuzi kumi chini ya mzigo, rudia kufunga.

Pima tena kwa Cinebench R23 ya dakika 10. Andika na joto la chumba, maana kinachopimwa ni tofauti kati ya chumba na prosesa. Wewe sasa hivi uko 64 juu ya chumba. Mashine safi ya aina hiyo inapaswa kuwa 40 hadi 48 juu ya chumba, yaani sabini na kitu kwa jioni ya Dar. Mtu wa Arusha au Njombe akikuambia yake ni 62, usijilinganishe naye kabla hujamuuliza chumba chake kina nyuzi ngapi.

---

Mkaa wa Baridi:

Naunga mkono hapo juu. Naongeza kuhusu kupanda na kushuka, kwa sababu hilo halitaisha kwa pasta peke yake.

i5-7500 ina kasi ya msingi ya GHz 3.4 na Turbo, yaani kasi ya ziada ya muda mfupi, hadi 3.8. Ukifungua brauza, koa moja inaruka hadi 3.8, volti inapanda nayo, joto linaruka ndani ya sekunde moja, feni inashtuka, kazi imeisha, feni inashuka. Sikio linavumilia mvumo uliotulia kuliko sauti inayobadilikabadilika, hata kama huo mvumo una desibeli zilezile.

Zima Turbo. Kwenye Windows nenda "Power Options", fungua "Change advanced power settings", halafu "Processor power management", na "Maximum processor state" uiweke 99%. Hiyo moja inatosha kuibakiza kwenye 3.4. Unapoteza kama sehemu moja ya kumi ya kasi pale koa moja inapofanya kazi, na kwa kuhariri sauti hutaiona. Umeme, lakini, unashuka zaidi ya hapo, kwa sababu hutegemea kasi mara volti kwa kipeo cha pili, na zile MHz za mwisho ndizo zinazodai volti nyingi. Tengeneza mipango miwili ya umeme: mmoja wa kurekodi wenye 99%, mwingine wa gemu wenye 100%.

Kupunguza volti za prosesa kwa programu ya ThrottleStop unaweza kujaribu, ila usishangae ukikuta kumefungwa. Baada ya Plundervolt, udhaifu wa kiusalama wa prosesa za Intel, kutangazwa Desemba 2019, BIOS nyingi mpya za mashine za ofisi zilifunga hiyo njia. Usirudishe BIOS ya zamani kwa ajili ya nyuzi tatu.

BIOS yenyewe: hujasema mashine ni ya kampuni gani, na hapo hutofautiana. Kwenye HP nyingi za ofisi kuna "Increase Idle Fan Speed (%)". Hakikisha iko 0, wauzaji wengine huipandisha. Kwenye ThinkCentre za Lenovo tafuta mipangilio ya Intelligent Cooling, chagua "Better Acoustic Performance", lakini baada ya kusafisha tu. Kwenye OptiPlex nyingi za Dell huna cha kuchagua, BIOS inaamua yenyewe.

---

beringi80:

Kwa mvumo wa chini usiokatika ikiwa imetulia, naishuku hadi diski kuliko feni. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inatetemeka mara 120 kwa sekunde, na 120 Hz ndiyo ile "mmmm" inayopanda kwenye kizimba cha bati na kufanya kasha zima liwe spika. Kujua ni rahisi: chomoa nyaya mbili za diski, washa. Mvumo ukipotea umempata. Weka SSD ya SATA badala yake, diski ya zamani iingize kwenye kasha la USB iwe ya akiba. Kwa mtu anayerekodi sauti, hilo linaweza kuleta tofauti kuliko feni yoyote.

Feni nayo ina dalili zake. Simamisha kasha wima, kisha lilaze. Sauti ikibadilika, mkwaruzo ukipotea upande mmoja, beringi imelika. Tone la mafuta ya cherehani chini ya stika ya katikati huinyamazisha kwa wiki kadhaa, siyo zaidi. Badilisha kwa feni yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye stika.

Ile "feni yoyote ya 12V" kataa. Kwanza unene: feni ya kawaida ya mm 25 huenda isiingie. Pili plagi: baadhi ya OptiPlex zina plagi ya pini tano, na mpangilio wa nyaya siyo wa kawaida. Tatu, ubao unasoma mizunguko ya feni. Ikizunguka polepole kuliko inavyotarajiwa, au waya wa kusomea usipofika, mashine inasimama kwenye ujumbe wa hitilafu kila unapoiwasha na kukusubiri ubonyeze kitufe. Nne, feni za hitisinki hizi zimeundwa kusukuma hewa kwenye mapezi yaliyobanana. Feni ya kimya ya kasha inasogeza hewa vizuri mahali pa wazi, lakini ikikuta mapezi inakosa nguvu.

---

sauti_chumbani:

Asanteni sana wakuu. Kiongoza-hewa kipo. Nimechomoa diski na mvumo mkubwa umeondoka kweli. Usafi na pasta nafanya wikiendi. Maswali mawili: kuna wanaouza kile kiwaya chenye rezista cha kupunguza kasi ya feni, kinafaa? Na kadi ya picha nikicheza inatoa mluzi mwembamba juu ya feni yake, huo unatoka wapi?

---

Mkaa wa Baridi:

Rezista kwenye feni ya prosesa hapana. Inashusha kasi ya juu kabisa, ambayo ndiyo kinga yako siku ya joto la Februari. Kasi ya chini ilikuwa tayari chini, kwa hiyo unachonunua ni hatari tu. Hesabu yake ni hii: feni ikishuka hadi asilimia 80 ya kasi, kelele hupungua karibu dB 5; ikishuka hadi nusu, karibu dB 15, na sikio huhesabu dB 10 kama nusu ya sauti. Unaupata ushukaji huohuo bila rezista kwa kuipa prosesa joto dogo la kutoa.

Mluzi wa kadi ni koili, siyo feni. Koili za umeme hutetemeka mkondo unapobadilika haraka, hasa gemu ikitoa fremu (picha) 200 au 300 kwa sekunde kwenye menyu. Funga fremu kwenye 60 ndani ya gemu au kwenye dereva (programu inayoendesha kadi). Mara nyingi mluzi unafifia hapohapo, na kadi inapoa.

Kisha MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya picha. Bonyeza Ctrl+F upate mchoro wa volti na kasi. Shika nukta ya 800 mV, ipandishe hadi kama MHz 1600, bonyeza alama ya kukubali. Nukta zote za kulia yake zilale kwenye kasi hiyohiyo. Cheza nusu saa. Picha ikiganda au dereva ikijiwasha upya, shusha kwa MHz 30 ujaribu tena. Usihifadhi ijiwashe na Windows mpaka umeridhika. Kadi ya 75W ikishuka hadi hamsini na kitu, faida ni mbili: feni yake ndogo inatulia, na hewa inayomwagia prosesa jirani inakuwa ya baridi zaidi. Tena pawa saplai za SFF nyingi ni 180W hadi 240W, na zina kifeni kidogo kinacholia mzigo ukikaribia kilele. Kwa hiyo ukipunguza matumizi, na hicho kinanyamaza. Usiifungue pawa saplai kutafuta vumbi. Kapasita zake hubaki na umeme hata ikiwa imechomolewa. Ipulizie kwa nje tu.

---

nati_ndogo:

Kipimo cha mwisho ukishamaliza yote: endesha Cinebench kifuniko kikiwa kimefungwa, halafu kikiwa wazi. Joto likishuka zaidi ya nyuzi tano kikiwa wazi, hewa haiingii: angalia matundu ya mbele, na kama kompyuta imesukumwa ukutani iachie sentimita kumi nyuma. Joto likipanda kikiwa wazi, usihangaike, kiongoza-hewa kinategemea kifuniko. Mipaka ya kushika kwa chumba cha nyuzi 31: prosesa isipite 85, kadi 80, SSD ya M.2 70. Chini ya hapo, usiendelee kutafuta nyuzi.

---

beringi80:

Na maikrofoni. Kama ni ya kadioidi (inayonasa zaidi sauti za mbele yake), mgongo wake uelekee kompyuta, siyo ubavu. Kompyuta iteremshe chini ya meza upande wa pili, isikae kwenye ubao uleule na stendi ya maikrofoni, maana mtetemo hupanda kupitia mbao. Kebo ya USB 2.0 inakubali hadi mita 5, kwa hiyo una nafasi ya kutosha ya kuisogeza. Sakafu ikiwa na vumbi inyanyue sentimita kadhaa kwa vipande vya mpira, siyo zulia. Zulia huziba matundu ya chini kama yapo, na nyuzi zake zote huishia kwenye mapezi.