Yule jamaa wa kijiweni leo kanidhalilisha mbele ya watu, tena kwa mambo ya Daytona

Wakuu naandika hapa mkono unatetemeka na wala sio baridi ya Mbeya. Mtu mwenyewe mnamjua, sitaji, yule wa kijiwe cha pale Kabwe anayejua kila kitu, ukitaja ndege kapanda, ukitaja bahari kaogelea, ukitaja jela alikuwa mnyapara. Akianza kuongea Kabwe mtu wa Mbalizi anafunga dirisha.

Sasa leo mvua imetufungia kwenye kibanda cha mama ntilie, mvua ile ya kwetu isiyojua kuaga, abiria hakuna, hesabu ya bosi haijatimia, nikatoa simu yangu na bando langu (narudia, LANGU) naangalia zangu mbio za pikipiki za Daytona kule Florida, Marekani. Jamaa kaingiza kichwa begani kwangu bila hata hodi, kidole kina mafuta ya chapati kikagusa kioo, video ikarudi mwanzo, hajaomba msamaha. Kaangalia zile kona zilizoinuliwa akasema "hao wanaogopa nini, mimi hapo napita na mishikaki na gunia la viazi juu na mvua inanyesha".

Nikamjibu kistaarabu kabisa. Nikamwambia kaka, hizo kona zimeinuliwa digrii 31, kuzipanda tu kwa miguu unahema, pikipiki pale haishikiliwi na ushujaa, inashikiliwa na spidi, spidi ndiyo inaikandamiza kwenye lami, sasa mvua ikinyesha lazima upunguze, ukipunguza mteremko unaanza kukuvuta chini, na yale matairi yao ya jua ni vipara vya makusudi, hayana hata mfereji mmoja wa kutolea maji, ndiyo maana...

Hiyo "ndiyo maana" sikuimaliza wakuu. Jamaa kageukia watu wote, kasubiri mpaka mvua ipunguze kelele kwenye bati, kisha akasema: "Huyu asitufundishe kitu, huyu alianguka na pikipiki IKIWA IMESIMAMA."

IMESIMAMA. Mama ntilie kaachia mwiko. Kuna mzee alikuwa kalala tangu asubuhi, kaamka, kacheka, kalala tena. Na kuna dada mmoja huwa nampeleka Soweto kila jioni kwa bei ya kirafiki, naye kacheka, tena yeye ndiye aliyecheka mpaka akainama.

Na ukweli ni kwamba STENDI ILIZAMA KWENYE TOPE. Tope la Isyesye mnalijua. Pikipiki ilianza kwenda yenyewe, mimi nikaifuata kuiokoa. Huko ni kuanguka? Mtu anaokoa mali ya bosi mnasema kaanguka? Halafu hoja ya mfereji wa tairi hakuna aliyeijibu! Digrii 31 nimezitoa kichwani hivi hivi, hakuna aliyezipokea. Ikiwa imesimama. Nikifumba macho naisikia, ikiwa imesimama. Huyu mtu atolewe kijiweni arudi kwao, kama kwao wanamtaka.

Parachichi Bichi: Pole sana mkuu. Swali dogo tu, ilikuwa imesimama au haijasimama?

Mleta uzi: SOMA UZI. Stendi ilizama.

Mzee wa Lumbesa: Kwa hiyo ilikuwa imesimama.

Kona Kali: Nimecheka mpaka wife kauliza naongea na nani. Ila tumpe haki yake, kwenye hoja ya mvua na kona zilizoinuliwa yuko sawa. Mwaka 2008 pale Indianapolis, Marekani, MotoGP (zile mbio kubwa za pikipiki za dunia) ilikutwa na mabaki ya kimbunga Ike, mvua na upepo, mbio zikasimamishwa, wakahesabu mizunguko 20 badala ya 28, Rossi, yule bingwa Mwitaliano, akapewa ushindi wake, na mbio za pikipiki ndogo za 250cc siku hiyo hazikufanyika kabisa. Na kona za Indianapolis zimeinuka digrii 9 na kitu tu. Sasa weka maji kwenye 31. Kule Berlin kulikuwa na uwanja unaitwa AVUS, ulikuwa na kona ya matofali ya digrii 43, dereva Mfaransa Jean Behra alifia pale 1959 kwenye mvua, na yeye alikuwa kwenye gari la matairi manne. Tairi la mvua nalo sio dawa ya kila kitu, lina mifereji ndiyo, ila ni laini, lami ikikauka linachemka na kuliwa, kwa hiyo mvua ikikatika katikati ya mbio huna pa kukimbilia.

Mtoto wa Sae: Matairi manne yalimshinda mzungu kwenye mwendo, mleta uzi mawili yamemshinda yakiwa yamepaki 😂😂

Mleta uzi: Wewe nakujua, ulikuwepo pale. Wewe ndiye uliyepiga meza.

Mtoto wa Sae: Meza ilipigwa na watu wengi mkuu, usinibambikie mimi peke yangu.

Mnyalukolo Halisi: Kamwene. Nyie wa Mbeya mnahangaika na Florida bure. Njooni mlima Kitonga huku Iringa na mvua, ukungu haukuonyeshi hata mkono wako, mbele lori linapanda kwa gia namba moja, nyuma basi linapiga honi. Huyo Rossi aje hapo na tairi lake la laki ngapi sijui.

Parachichi Bichi: Kitonga mnaisifia tu, Mlima Iwambi mbona hamuutaji?

Mnyalukolo Halisi: Iwambi ni tuta.

Parachichi Bichi: TUTA? Wewe hujawahi kukutana na semi limekata breki.

Kihesa Boda: Tuacheni milima, mimi nina langu la leo leo. Nimembeba mtu Ipogolo mpaka Kihesa, mvua yote mgongoni kwangu, yeye kajifunika mwavuli, mwavuli wenyewe unamwaga maji shingoni kwangu. Kufika anasema "nakurushia kwenye simu". Tulikubaliana elfu tatu, karusha elfu moja, napiga hapokei, sasa hivi kanibloku. Mtu ana mwavuli wa maua na hana elfu mbili!

Mtoto wa Sae: Hao wa "nakurushia" ndio wanatumaliza. Kuna mmoja alinirushia meseji ya kuandika mwenyewe, eti muamala umekamilika, umekosewa na spelingi.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada basi, huyu mtu tunamfanyaje?

Kona Kali: Yupi, wa mwavuli?

Kihesa Boda: Wa mwavuli tumtafute kweli. Na hapo tairi langu la nyuma limechongwa, niliuziwa kama jipya, kumbe mtu kakaa na kisu cha moto kalichora mifereji. Mvua ya jana likachanika.

Mzee wa Lumbesa: Siku hizi kila kitu ni feki, hata mbegu ya viazi. Nimepanda, yameota majani tu, chini hakuna kitu.

Mnyalukolo Halisi: Wewe mwenye jina la Lumbesa usilalamike chochote. Nyie ndio mnakuja Njombe mnatujazia gunia mpaka linavaa kilemba, kisha mnalipa kama gunia moja.

Mzee wa Lumbesa: Mimi ni mkulima, jina ni la utani!

Parachichi Bichi: Una viazi kweli? Gunia shilingi ngapi shambani?

Mzee wa Lumbesa: Njoo PM.