Dakika 38 za Unguja: niwaambie nini wanafunzi wangu?

MwalimuMoro

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha Historia kidato cha pili, Morogoro. Juzi tulikuwa kwenye mada ya ukoloni, binti mmoja ambaye kwa kawaida hasemi akanyoosha mkono: "Mwalimu, ni kweli Zanzibar ilipigana vita fupi kuliko zote duniani?" Darasa zima likacheka. Wa nyuma akadakia kwamba Waingereza waliweka chai jikoni, na kabla haijachemka vita imekwisha.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mmoja ana dakika 38, mwingine 40, mwingine 45, na kila mmoja amesoma kwenye simu. Kijana mmoja akashikilia kwamba vita ilipiganwa alasiri, kwa sababu ameona imeandikwa 9:02, naye akaisoma saa tisa. Nikaandika ubaoni tarehe, 27 Agosti 1896, nikaandika saa tatu asubuhi, kengele ikalia.

Usiku nikaliweka swali kwenye kundi la familia. Kaka yangu akasema ile haikuwa vita, ni kipigo tu. Wengine wakatuma vikatuni vya kucheka. Binamu yangu aliyeolewa Pemba akaandika maneno mawili: "Mnacheka maiti." Hajaandika tena mpaka leo, na mimi ndiye niliyeanzisha.

Nauliza kwa dhati. Dakika ni ngapi? Tuiite vita au tusiiite? Na wale 500 wanaotajwa kila mahali walikuwa nani? Jumatatu nina vipindi viwili mfululizo na sitaki kurudi darasani mikono mitupu.

MzeeForodhani

Mwalimu, binamu yako ana haki ya kununa, nawe una haki ya kuuliza. Nimetembeza wageni Mji Mkongwe miaka 31. Kila siku nilisikia kichekesho hicho hicho kwa lugha sita. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Dakika kwanza, maana ni jepesi. Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza, nao wakampa muda ashushe bendera; muda huo ulikwisha saa tatu kamili asubuhi. Mizinga ilianza saa tatu na dakika mbili. Bendera ya kasri ilianguka na mizinga ikanyamaza kwenye saa tatu na dakika 40. Ukihesabu toka mzinga wa kwanza unapata 38. Ukihesabu toka muda ulipokwisha unapata 40. Wapo wanaoweka mwisho saa nne kasoro robo, hao ndio wenye 45. Wanafunzi wako hawakukosea, wamesoma saa tofauti. Ila zote ni saa za sitaha ya manowari. Aliyekuwa ndani ya kasri hakuwa akitazama saa.

Anza Jumanne ya tarehe 25, Mwalimu. Siku ile kabla ya adhuhuri Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake Khalid akaingia kasri, na alasiri ile ile, marehemu keshazikwa, mizinga ikapigwa kumtangaza. Kwa mkataba wa 1890 atakayekalia kiti alitakiwa kwanza akubaliwe na balozi wa Uingereza, na balozi alimtaka Hamoud bin Mohammed. Hii haikuwa mara ya kwanza. Khalid alijaribu 1893 pia, akiwa kijana mdogo, akarudishwa. Safari hii alikataa kurudi.

Balozi, Basil Cave, hakuweza kupiga bila ruhusa ya London, basi simu za maandishi zikawa zinakwenda na kurudi huku manowari zikiongezeka bandarini. Philomel na Thrush zilikuwapo. Sparrow ikaja. Tarehe 26 zikaingia Racoon na St George, na ndani ya St George alikuwamo Admeri Harry Rawson. Jioni meli za biashara zikaambiwa zitoke, na wake na watoto wa Kiingereza wakapandishwa melini. Watu wa mji wakayaona yote hayo kwa macho yao. Balozi wa Marekani aliandika kwamba usiku ule kimya kilitisha. Mji uliozoea ngoma na vilio vya watoto haukutoa sauti hata moja. Kila nilipofika hapo wageni wangu waliacha kupiga picha. Watoto wa mji mzima kunyamaza usiku kucha, fikiri mama zao walikuwa wakifanya nini.

Alhamisi asubuhi Khalid alituma ujumbe kwamba hashushi bendera, na kwamba haamini watapiga. Hilo nalo wafundishe. Hakuwa mtu asiyejua manowari ni nini. Zilikuwa zikitia nanga mbele ya nyumba ya baba yake tangu utotoni mwake. Aliamini wangezungumza.

Ndani ya kasri na viwanja vyake walikuwamo watu yapata 2,800. Walinzi wa sultani walikuwa sehemu tu. Wengi walikuwa raia waliochukuliwa mjini, na mamia kadhaa walikuwa watumishi na watumwa wa nyumba. Silaha walikuwa nazo: bombomu, mizinga miwili aliyoitoa zawadi Mfalme wa Wajerumani, na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17. Lakini majumba yenyewe yalikuwa na roshani na ngazi za mbao, yakitazama bahari. Kombora likiingia kwenye mbao, kinachoua ni vigae, boriti na moto. Waingereza walipiga makombora kama 500, na risasi za bombomu zaidi ya 4,000. Waliokufa na kujeruhiwa upande wetu walikadiriwa 500. Sikiliza vizuri, waliokufa NA kujeruhiwa. Kwenye simu za wanafunzi wako utakuta "waliuawa 500". Upande wa pili alijeruhiwa mtu mmoja, baharia wa Thrush, akapona.

Meli ya sultani, Glasgow, iliyotengenezwa Uskoti 1878 kwa ajili ya Sayyid Barghash, baba yake Khalid, ilithubutu kuipiga St George. Ikapigwa mpaka ikazama. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Waingereza wakaokolewa majini. Maji pale si marefu, kwa hiyo milingoti mitatu ilibaki imesimama juu ya bahari mpaka mabaki yalipoondolewa 1912. Bibi yangu alizaliwa mtaa wa Malindi, hapa mjini, aliiona akiwa mtoto. Alikuwa akisema ndege walilala juu yake, na wavuvi waliitumia kama alama ya kurudi pwani. Miaka kumi na sita, Mwalimu, kila anayefungua dirisha upande wa bahari anaiona.

Wakili_Tanga

Mzee nakuheshimu sana, ila tusimpambe Khalid. Mkataba ulikuwepo, naye aliuvunja akijua. Halafu ukitazama nani alibaki chini ya yale makombora, ni watumwa waliobeba bunduki za bwana wao. Shirika la habari la Reuters liliandika kwamba Khalid alikimbia mzinga wa kwanza ulipolia, pamoja na wakubwa wenzake, akawaachia watumwa na wafuasi vita. Mjukuu wa watu wale leo amlilie nani?

Na jina "vita" mimi silikubali. Zanzibar ilikuwa nchi lindwa chini ya Waingereza tangu 1890. Kilichotokea ni mlinzi kumwondoa mtu asiyemtaka kwa mizinga. Tukiita vita tunawapa Waingereza sifa ya kushinda kitu.

MzeeForodhani

Wakili, nimekusoma na sehemu kubwa nakubali. Habari ya kukimbia ina pande mbili, wapo waliosema alikaa kasri zaidi ya hapo, mimi sikuwapo na sitaapa. Lakini hilo la watumwa umeligusa penyewe. Ndio maana hasira yangu iko kwenye neno "fupi". Mtu aliyewekwa dirishani na bunduki asiyoichagua, akafa kwa kiti asichokaa yeye, habari yake yote imemezwa na dakika 38.

Na tusiwape Waingereza ukombozi wa bure. Utumwa ulifutwa kisheria 6 Aprili 1897, chini ya Hamoud waliyemweka wao. Lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, fidia akalipwa bwana, na masuria wakaachwa nje ya sheria ile mpaka 1909. Kina mama wale wa nyumba za ndani walingoja miaka kumi na miwili zaidi.

Jina la vita ninalishikilia. Waliokuwamo ndani walipiga nao, Glasgow ilipiga nayo. Ukisema haikuwa vita unawafanya wawe kama magogo yaliyoungua. Na baada ya hapo wafuasi wa Khalid walitozwa rupia 300,000, kufidia makombora yaliyowapiga wao wenyewe na mali iliyoporwa mjini. Kulipishwa gharama za vita ni jambo la aliyeshindwa vita, Wakili, hata wao walijua.

Mpwani_Mvita

Assalam aleikum. Nataka kuongeza jambo moja, maana watu wakitaja dakika 38 huishia bendera ikianguka, na kwetu Mombasa hadithi ndipo inapoanzia.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, palepale mjini. Waingereza wakaweka askari mlangoni wamkamate akitoka. Wajerumani wakakataa kumtoa. Akakaa humo zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa mpaka kwenye ukuta wa bustani ya ubalozi, mashua ya manowari yao ikasogea hadi kizingitini. Khalid akavuka kutoka ardhi ya ubalozi akaingia mashuani bila kukanyaga mchanga wa Unguja, na kwa sheria hakuna aliyeweza kumgusa. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba maji kujaa yana saa zake. Mtu aliyapigia hesabu yale, na naamini hakuwa Mjerumani peke yake.

Akapelekwa Dar es Salaam. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakamkamata, wakampeleka uhamishoni, St Helena na Ushelisheli. Mwishowe wakamruhusu arudi Afrika Mashariki, akafia hapa Mombasa 1927. Miaka 31 baadaye! Marehemu nyanya alikuwa akisema walipokuwa wasichana waliambiwa, "Yule mzee alikuwa sultani siku mbili", wakanyamazishwa wasimtazame sana.

MwalimuMoro

Shikamoo Mzee, shikamoo Mpwani kama umenizidi umri. Wakili, asante kwa kutoogopa kubisha.

Nimeshapanga vipindi. Nitachora mstari mmoja mrefu ubaoni, toka 1890 mpaka 1927, na zile dakika 38 niziweke kwa chaki nyekundu mahali pake. Zitakuwa kama nukta, na ninataka waione hiyo nukta. Kisha nitawapa ule usiku wa tarehe 26, meli za biashara zinatoka, manowari tano zimebaki, mji kimya, niwaambie waandike ukurasa mmoja wakiwa mtu yeyote aliyekuwa ndani ya kasri isipokuwa Khalid. Yule wa chai nitamwomba asome cha kwake kwa sauti. Na yule wa saa tisa alasiri nitamweleza taratibu, maana kosa lake linatokana na kusoma kwa Kiswahili saa iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Binamu nimempigia simu badala ya kuandika. Nimemwomba radhi. Amesema sikukosea kuuliza, nilikosea kuuacha ule mjadala ukakaa na vicheko usiku mzima bila mimi kusema neno.

Mzee, swali la mwisho. Shule ikiniruhusu nije na wanafunzi 42, ni wapi hasa pa kusimama?

MzeeForodhani

Marahaba Mwalimu. Njooni Forodhani, mgeukie mji, bahari iwe mgongoni, mtakuwa mmesimama kama ilivyosimama manowari. Mkono wa kushoto mtaona Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu. Ile iligongwa kidogo tu. Mnara wa saa uliokuwa mbele ya majumba ndio ulioharibiwa, na saa mnayoiona leo ilijengwa kwenye jengo lenyewe 1897, walipokuwa wakitengeneza. Upande mmoja wa jengo uliporomoka 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, kwa hiyo ulizieni kabla ya kupanga kuingia. Halafu tembeeni taratibu kuelekea jengo la Makumbusho ya Kasri. Kabla hamjalifikia kuna bustani, miti na majani tu. Hapo palikuwa Beit al-Hukm, moja ya majumba ya sultani yaliyopigwa siku ile. Haikujengwa tena.

Wageni wengi hupita hapo wakitafuta kivuli. Wasimamishe wanafunzi hapo, mje kabla ya saa tatu asubuhi, na wabebe maji ya kunywa, jua la pale halina huruma. Nikiwa na afya nitakuja mwenyewe, bila malipo. Niandikie wiki moja kabla.