Niuze gari langu, Toyota IST, au nibaki nalo?

Wakuu, naishi Kimara, Dar, ofisi ipo Posta. IST yangu inakula mafuta ya 70,000 kwa wiki, bado bima, sevisi na maegesho. Juzi bushi za mbele zimekufa tena, fundi kazitoa zimepasuka kama kandambili kuukuu. Basi la mwendokasi linapita karibu, kwenda sokoni bajaji zipo. Niuze?

Jibu: Mkuu, una mtoto? Niliuza yangu, halafu mwanangu akashikwa na homa saa nane usiku, mvua inanyesha. Kila dereva niliyemuita kwenye simu alighairi. Nilijuta.

Jibu: Uza! Mimi baiskeli, Mikocheni hadi Mwenge. Bodaboda wananibana sana pembeni, lakini mizigo wananiletea haohao.

Muuliza: Mtoto ana miezi saba. Gari linabaki, kazini napanda mwendokasi.