C200 au C63 AMG? Hela ya kununua ninayo, ya kuishi nalo sijui

Mtegeta

Wakuu, habari za jioni. Naombeni akili zenu kabla sijafanya jambo.

Nimeuza kiwanja na nimetenga fungu la gari. Miaka yote naendesha Toyota, safari hii nataka Benz, C-Class ile ya W204 iliyoanza kutoka 2007. Nimeona mawili hapa hapa Dar. La kwanza ni C200 Kompressor ya 2009, cc 1,796, farasi 184, la mama mmoja mwalimu. Viti vya nyuma utadhani havijawahi kukaliwa. La pili ni C63 AMG ya 2010, yaani C-Class iliyotengenezwa na AMG, kitengo cha Benz cha magari ya kasi; V8, farasi 457. Muuzaji aliliwasha nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Jamani, nilisahau hata maswali niliyokwenda nayo.

Kinachonichanganya ni bei. C63 imeipita C200 kwa kama thuluthi tu. Gari ambalo likiwa jipya nisingethubutu hata kuuliza, leo naweza kulilipia. Kazi yangu Posta, nalala Tegeta, na mara mbili kwa mwaka tunakwenda Moshi na familia. Shemeji yenu anajua habari za C200 tu.

Mzee wa Foleni

Mkuu, Tegeta hadi Posta na V8? Ngurumo utaisikiliza ukiwa umesimama Mwenge, kisha uisikilize tena Morocco.

Tupige hesabu. Kwenda na kurudi tuseme kilomita 50, siku 22 za kazi, jumla 1,100. Kwenye foleni hiyo C63 ikikupa kilomita 5 kwa lita umshukuru Mungu. C200 itakupa kama 9. Ni lita 220 dhidi ya 122. Weka lita shilingi 3,000: laki sita na sitini dhidi ya laki tatu na sitini na kitu. Karibu laki tatu kila mwezi inatoka kwenye bomba la moshi, na kazini mnafika saa ile ile na mwenye bajaji.

Dada wa Njiro

Kaka Mtegeta, mimi ninayo C63, ya 2012, mwaka wa tatu huu. Hesabu ya Mzee ni sahihi ila siyo hiyo iliyoniumiza. Mafuta unayaona kila siku, unayazoea, unapanga safari zako. Ni vile vinavyokuja kwa mkupuo.

Tairi za nyuma ni 255/35 kwenye rimu ya 18, za mbele 235/40. Hapa Arusha hazipo dukani ukapita tu kuchukua, nasubiri zitoke Dar, na za nyuma zinaisha upesi kwa sababu mguu wangu wa kulia hauna adabu. Diski za breki za mbele ni milimita 360, kila kaliper ina pistoni sita. Oili inakunywa lita 8 na nusu kila servisi, na siyo oili ya kuchota kwenye pipa. Gari linashuka bei kila mwaka, lakini pedi zake hazijui kwamba limezeeka. Unanunua gari kwa bei ya mkononi na kulitunza kwa bei ya tajiri wa kwanza aliyelitoa kiwandani.

Sasa nikwambie na raha yake nisionekane namsema mtoto wangu. Barabara ya Namanga, mbele yako malori mawili yamefuatana, nafasi ipo ila ni fupi. Unakanyaga. Torki, ile nguvu ya kuvuta, ni Nm 600 na hakuna turbo ya kusubiri, injini inavuta hewa yenyewe. Unayapita, unarudi upande wako, moyo bado haujajua kilichotokea. Sikuwahi kuipata hiyo kwenye gari jingine, na sitaiuza.

Lakini nina IST ya kwenda sokoni na kupeleka watoto shule. Hilo ndilo swali langu kwako: hiyo C63 itakuwa gari la pili nyumbani, au ndilo hilo hilo la kila siku?

Mtegeta

Ndilo hilo hilo, dada.

Dada wa Njiro

Basi mimi nimemaliza. Tuwasikilize mafundi.

Fundi Kinondoni

Heshima kwenu. Nafungua na kufunga hizi Benz kila wiki, niseme kwa faida ya wote, maana magari yote mawili yana ugonjwa wake.

Tuanze na C63. Injini yake inaitwa M156, na ugonjwa wake unajulikana dunia nzima: bolti zinazoshika silinda hedi. Za mwanzo zilikuwa dhaifu, zinaliwa na kutu kisha kichwa cha bolti kinakatika. Injini za kabla ya 2011 ndizo za kuogopa, na yako ya 2010 imo humo. Bolti ikikatika, kulanti, yale maji ya kupozea injini, inapenya kwenye silinda usiku gari likiwa limelala. Maji hayabanwi kama hewa. Ukiwasha asubuhi pistoni inakutana nayo, konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda, na hapo unazungumzia injini nzima. Dalili zake ni kulanti kupungua wakati chini hakuna hata tone, na asubuhi dakika ya kwanza injini inatetemeka kama ina homa. Ikishapata moto inatulia kabisa, utaapa ni nzima. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa V8 hiyo ikiwa ya moto. Nenda mapema, iwashwe mbele yako ikiwa baridi kama maji ya mtungi.

Muulize pia kama bolti zimeshabadilishwa, na risiti ionekane. Kama zimebadilishwa, na kamshafti, shafti inayofungua valvu, pamoja na tapeti zake hazigongi, hiyo ni injini ya kuheshimu. Sina ugomvi nayo.

C200 Kompressor ina M271. Yenyewe shida ni cheni ya taiming: inarefuka, na meno ya gia za kamshafti yanalika. Ukiiwasha ya baridi ikakwaruza sekunde moja mbili kisha ikanyamaza, ndiyo hiyo. Ukipuuza cheni inaruka jino, valvu zinakutana na pistoni. Ukiiwahi ni kazi ya siku mbili na hela inayopatikana. Kingine cha W204 zote ni loki ya usukani: siku moja unaingiza ufunguo, kimya, hata taa za dashibodi haziwaki. Wengi wanakimbilia kubadilisha betri bure.

Tofauti yake ni moja. C200 ukichelewa servisi itakulalamikia miezi. C63 haina subira hiyo.

Mvita Kaskazini

Salaam aleikum nyote. Nawasoma nikiwa Mombasa, na kweli nyinyi Tanzania mna bahati ya kuchagua. Huku kwetu gari lililozidi miaka 8 tangu kuundwa haliingii bandarini, kwa hiyo W204 ya kuagiza ni hadithi. Mwenye kuitaka C63 hiyo atafute iliyokwishaingia zamani, nazo zahesabika kwa vidole. Tena injini ya petroli iliyopita cc 3,000 ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 35.

Ndugu yangu, mbona hakuna aliyetaja njia ya kati? Mimi naendesha C43 ya W205, toleo lililoifuata W204. V6 yenye turbo mbili, farasi 367, yasukuma magurudumu yote manne. Na utamu wake: cc 2,996. Imepita chini ya ule mstari wa 3,000 kwa cc nne! Haingurumi kama simba wa Dada wa Njiro, lakini yabeba watoto, na mvua ikinyesha haichezi mkia.

Fundi Kinondoni

Mvita, kwetu mstari uko kwenye 2,000. Chini yake, kuanzia 1,000, asilimia 5. Juu yake asilimia 10. Kwa hiyo kwa kigezo cha cc peke yake C63 haiuawi na ushuru kama watu wanavyodhani. Kinachouma ukiagiza ni ule wa uchakavu, gari likishavuka miaka 10 ni asilimia 30, na huo unazikuta zote mbili. Mtegeta ananunua gari lenye namba za hapa, hayo hayamhusu.

Kijana wa Deira

Wakuu, huku Dubai C63 zimejaa yadi na bei zake zinachekesha. Nikutafutie?

Mvita Kaskazini

Na usukani wa kushoto utaupeleka wapi, kijana? Huku kwetu haipiti.

Kijana wa Deira

Sawa, nimekaa. Lakini muwe macho hata na za Japani, wako wanaopenda Benz ya usukani wa kushoto kule. Picha ya dashibodi kwanza, mengine baadaye.

Kadi Kwanza

Kabla hujalipa, mkuu, umehakikisha kuwa ni C63? Mjini hapa C180 ikishabandikwa nembo ya AMG nyuma inapandishwa bei. Kuna zilizotoka kiwandani na bampa na rimu za AMG, hiyo ni halali, ila ni nguo tu, injini ni ile ile ya cc 1,800. Na nembo yenyewe inauzwa barabarani kama karanga.

Chukua kadi, soma namba ya chesisi. Baada ya WDD, tarakimu sita za mwanzo zikiwa 204077 ni C63. Zikiwa 204041 ni C200 Kompressor, hata ivae joho. Kisha soma cc: lazima iwe 6,208. Usishangae ubavuni imeandikwa 6.3, hao Wajerumani wanaienzi V8 yao ya zamani ya 300 SEL. Ukifungua boneti, juu ya injini kuna kibati chenye saini ya fundi aliyeiunga. Kule Affalterbach, kwenye kiwanda cha AMG, mtu mmoja anaiunga injini mwanzo mpaka mwisho.

Mzee wa Foleni

Na sisi tunaikabidhi kwa mtu anayeifungua kwa spana ya baiskeli.

Ongezeni na tochi. Vibao vya 50 kila kijiji mpaka Moshi, elfu thelathini kila ukidakwa. Farasi 457 wote wanatembea kwa 50.

Mtegeta

Nimerudi, wakuu. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa muuzaji wa C63, sikumpigia simu kwanza. Chesisi 204077, cc 6,208, kibati kipo na saini yake. Ni yenyewe. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Vuguvugu. Namuuliza, ananiambia alitoka kununua mkate.

Nikaomba nirudi Jumapili. Akasema nije baada ya saa nne. Nikaomba risiti ya bolti, akasema fundi wake amehama mji.

Fundi Kinondoni

Duka la mkate liko Chalinze?

Dada wa Njiro

Kaka, mimi ya kwangu naipenda ila hiyo iache. Na ya mwalimu?

Mtegeta

Mwalimu alinipa ufunguo, akaingia ndani kuendelea na chai yake. Ilikuwa baridi. Ikakwaruza kama Fundi alivyosema, sekunde mbili hivi. Nilimwambia ukweli, tukapiga simu kwa Fundi tukiwa wote wawili, akataja gharama ya cheni na gia zake, mama akaipunguza yote kwenye bei bila ubishi. Nimelipa leo. Jumatatu naipeleka Kinondoni kabla haijakwenda popote.

Shemeji yenu kafurahi. Ameniuliza tu kwa nini simu yangu inanguruma usiku.

Dada wa Njiro, Desemba tukiwa Moshi nitapanda hadi Arusha. Naomba unizungushe mara moja tu. Mafuta juu yangu.

Dada wa Njiro

Karibu sana. Mafuta ninayo, wewe njoo na tairi za nyuma.