Naomba ushauri: siku 3 vijiji vya milima ya Troodos, Kupro

Wakuu, wanaoifahamu Kupro nisaidieni. Gari nakodi Larnaca: kwanza Lefkara, kuona akina mama wakidarizi vitambaa vyao vichochoroni, kisha Kakopetria, mwisho Omodos kwenye mizabibu. Huko huendeshwa kushoto kama kwetu, hilo halina shida. Shida ni Troodos: ramani ya simu huhesabu kilomita, haihesabu kona.

Nilale Kakopetria usiku wote 2, au wa pili nihamie Omodos? Na yale makanisa yenye michoro ukutani, yaliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1985: baadhi hufungwa, ufunguo hukaa kwa mtunzaji kijijini. Nipige simu siku moja kabla, au asubuhi inatosha? Gari la injini ya cc 1200 litapanda milima na watu 4 na mabegi?