Kujitolea duka la hisani ukisoma Uingereza: tupeane uzoefu, watu wa Malindi na Lamu

Wa Barani, Malindi
Vijana wetu kadhaa wanaondoka Septemba. Tuwaandalie mambo ya maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka. Naanza na viza maana hapo ndipo wengi huteleza. Mwanafunzi wa digrii huruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, wiki ikihesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Kujitolea hakumo katika hesabu hiyo, lakini kazi isiyolipwa imo! Ukifungwa na mkataba, au ukishika nafasi ya mwajiriwa, hiyo ni kazi hata kama hupati peni. Karatasi yoyote ya kusaini ipeleke kwanza kwa washauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni. Nauli kurudishiwa kwa risiti ni sawa. Bahashishi ya kila wiki ikatae.

Wa Langoni, Lamu
Nenda kuuliza asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi meneja hana hata dakika. Fomu nyingi hutaka wadhamini wawili wasio jamaa, basi mjomba hafai. Mwandike mwalimu wako wa sekondari, na umwambie afungue barua pepe yake, kwani maombi hukwama hapo.

Zamu kwa kawaida ni muda wa saa nne. Taja swala siku ya kwanza. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo zamu ya saa saba hadi kumi na moja inabeba Alasiri na Magharibi zote mbili. Chukua ya asubuhi.

Wa Shella, Malindi
Aliyezoea kufungua robota la mitumba tayari anajua nusu ya kazi. Vaa glavu. Usitie mkono ndani ya mfuko, umimine mezani, maana huweza kuwa na sindano au wembe. Kagua kwapa, kola, zipu, vifungo, kisha mifuko yote. Sweta la sufu liinue kwenye mwanga uone matundu ya nondo. Likiwa nayo lifunge peke yake upesi, wadudu wasihamie mengine.

Pasi ya mvuke isubiri hadi mvuke utoke mfululizo. Ukiharakisha hutema maji na kuacha madoa. Ngozi na shanga za gundi usizipitishie kabisa. Bunduki ya lebo, ile ya sindano inayopachika kikaratasi cha bei, choma penye mshono au kwenye lebo ya kiwandani. Ukichoma hariri katikati umeiharibu.

Isiyouzika haitupwi. Huingia gunia la matambara linalouzwa kwa kilo, na baadhi ya magunia hayo ndiyo husafirishwa nje yakawa mitumba ya watu kama sisi. Nguo mbichi usiitie humo hata moja, ukungu utakula gunia zima. Hili nawasihi.

Wa Barani, Malindi
Swadakta. Je, vitu visivyo nguo?

Wa Mkomani, Lamu
Kofia za pikipiki na viti vya watoto vya gari maduka mengi hayauzi, kwa kuwa huwezi kuona kama viliwahi kupata ajali. Kifaa cha umeme hakiwekwi rafuni kabla ya kupimwa na aliyefunzwa. Sofa lazima liwe na lebo yake ya usalama wa moto, kanuni za mwaka 1988. Ikikatwa, halipokelewi hata likiwa jipya. Basi usikate lebo ukidhani unalisafisha.

Kingine ni Gift Aid. Mtoaji anayelipa kodi akijiandikisha, serikali humwongezea shirika peni 25 kwa kila pauni 1. Kitu chake hubandikwa stika ya namba, na stika hiyo lazima isomwe na mashine wakati wa kuuza. Wageni huisahau foleni ikirefuka. Ibandike karibu na bei, mkono uzikute pamoja.