Naomba ushauri: nifunge mkataba wa miaka mitatu kwa shilingi ya Kenya?

Mnunuzi wa Nafaka, Himo
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina ghala dogo la mahindi hapa Himo, nje kidogo ya mji wa Moshi. Mzigo nautoa Babati na Kiteto, naupepeta na kuufungasha, kisha nauvusha mpakani Holili kwenda kwa mteja wa Mombasa. Mteja huyo sasa anataka tufunge mkataba wa miaka mitatu kwa bei moja, kwa shilingi ya Kenya. Hoja yake ni kwamba chumi za Afrika Mashariki zinazidi kukaribiana na sarafu moja iko njiani, hivyo sina sababu ya kuogopa kupanda na kushuka kwa fedha. Mimi wakulima, vibarua, magunia na pango la ghala nalipa kwa shilingi yetu. Je, hoja hiyo inatosha kunifunga miaka mitatu?

Mwalimu wa Uchumi, Arusha
Ndugu yangu, haitoshi. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini tarehe 30 Novemba 2013 ili sarafu moja ianze mwaka 2024. Lengo hilo limesogezwa hadi 2031. Zito zaidi ni kile kinachopimwa. Nchi wanachama zimekubaliana mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti pamoja na misaada isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi 4.5. Vigezo hivyo vinapima mahesabu ya serikali. Havipimi tija ya kiwanda cha Thika dhidi ya cha Arusha, wala kasi ya mahakama kuamua kesi ya deni. Ugiriki iliingia kwenye yuro mwaka 2001, riba za hati fungani zake, yaani mikopo ya serikali, zikashuka zikakaribia za Ujerumani, na wakopeshaji wakaamini kwamba nchi hizo zimefanana. Kufikia 2010 ilihitaji mikopo ya uokoaji, maana ukusanyaji wake wa kodi na ushindani wa bidhaa zake havikuwahi kufanana na vya Ujerumani.

Mzee wa Holili
Mwalimu amesema kweli, ila tusikate tamaa kupita kiasi. Ireland ilipoingia Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973 ilikuwa maskini kuliko Uingereza, na leo pato lake kwa kila mtu limeipita, ingawa sehemu ya takwimu hizo imekuzwa na kampuni za kigeni zinazoandikisha faida huko. Poland nayo imesogea sana tangu ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Lakini kusini mwa Italia kumekuwa nchi moja na kaskazini kwa zaidi ya karne moja na nusu, chini ya sheria moja na sarafu moja, na pengo la kipato bado lipo. Sisi wa mpakani tunajua pia kwamba mwendo huu hurudi nyuma: Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983.

Wakala wa Forodha
Nizungumzie mahindi yenyewe. Nchi zetu zina kiwango kimoja cha ubora: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hata hivyo, Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na katazo lilipoondolewa siku chache baadaye, kila mzigo ukatakiwa kuwa na cheti cha kipimo. Kiwango kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa ni nani anapima, kwa maabara gani, na kama upande wa pili unakiamini cheti chake. Kabla ya kuhangaikia sarafu, andikeni maabara mtakayoikubali wote wawili, na nani atalipia siku za lori kusimama mzigo ukizuiliwa.

Mnunuzi wa Nafaka, Himo
Nawashukuru sana. Nitamwomba mkataba wa mwaka mmoja, bei ipitiwe kila baada ya miezi mitatu. Tutumie kiwango cha nani cha kubadilisha fedha?

Mwalimu wa Uchumi, Arusha
Kinachotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania, kwa wastani wa mwezi uliotangulia. Wekeni na kikomo: shilingi hizo mbili zikiachana kwa zaidi ya asilimia 5, bei ijadiliwe upya bila kusubiri miezi mitatu kuisha. Mteja akikataa, muuzie kwa shilingi ya Tanzania na umpunguzie bei kidogo, maana hatari hiyo atakuwa ameibeba yeye.